Kidonda Kikipotea, Ugonjwa Haujapotea

Mazungumzo na vikundi vya wavuvi, wachuuzi wa samaki na wakulima, Port Victoria

 

Leo nimeombwa kusema juu ya vidonda vya sehemu za siri kwa wanaume. Naona wengine wameinama, wengine wanacheka. Chekeni tu, lakini masikio yawe wazi. Hapa kwetu mtu akiumwa na jino anatangaza toka Marenga mpaka Mulukoba. Akipata kidonda ndani ya suruali, anakaa nacho kimya mpaka ashindwe kutembea. Kimya hicho ndicho kinachotumaliza.

Kwanza tujue sababu, maana vidonda hivi si ugonjwa mmoja.

Kuna kaswende. Hii ni janja sana. Yapata wiki tatu baada ya kulala na mtu mwenye ugonjwa, hutokea kidonda, mara nyingi kimoja, kigumu ukikigusa, na hakiumi. Kwa sababu hakiumi, mtu hajali. Baada ya wiki chache kinakauka chenyewe. Mwenyewe anasema amepona, na aliyempa mizizi anasifiwa. Kumbe ugonjwa umeingia katika damu. Baadaye huja vipele, hata viganjani na kwenye nyayo, navyo hupotea. Miaka ikipita, unaweza kuharibu moyo, macho na ubongo.

Kuna pangusa. Hii huja upesi, kwa siku chache tu. Vidonda vyake vinauma, vina usaha, na mitoki huvimba kinenani, pengine mpaka ipasuke. Zamani pangusa ilijaa sana Kenya, lakini siku hizi imepungua mno.

Kuna malengelenge ya sehemu za siri, yaani herpesi, ambayo siku hizi ndiyo tunayoiona zaidi. Vinatoka vilengelenge vidogo vidogo kwa pamoja, vinawasha, vinapasuka, vinakauka. Baadaye hurudi palepale. Virusi vyake havitoki mwilini, ila dawa iitwayo asaikloviri hupunguza maumivu na siku za kuugua.

Na si kila kidonda kimetokana na uasherati, kwa hiyo tusihukumiane. Upele wa kuwasha huleta vidonda. Wembe huleta vidonda. Kuna watu wakimeza dawa zenye salfa, kama Septrin au Fansidar, hupata doa jeusi au kidonda kwenye uume, mahali palepale kila wakizimeza. Kuna mpox, ambao Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Julai 2024. Huu hupita kwa kugusana ngozi, na vipele vyake vyaweza kutokea sehemu za siri. Na mzee mwenye kidonda chini ya govi kisichopona kwa wiki nyingi asingoje, maana inaweza kuwa kansa.

Sasa, kwa macho tu huwezi kujua una kipi. Hata sisi wa kliniki huhitaji kukuangalia vizuri na kupima damu. Ndiyo maana dawa iliyomponya jirani yako yaweza isikufae.

Kwa nini nasema usingoje? Kidonda ni mlango ulio wazi. Virusi vya UKIMWI huingia na kutoka kwa urahisi penye kidonda. Ng'ambo ya ziwa letu, mkoani Mwanza, Tanzania, jambo hili lilichunguzwa kati ya mwaka 1991 na 1994. Katika vijiji kadhaa, wafanyakazi wa dispensari walifunzwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa, na dawa hazikukosekana. Vijiji vingine vikaendelea kama kawaida kwanza. Baada ya miaka miwili, maambukizo mapya ya UKIMWI kwenye vijiji vilivyosaidiwa yalikuwa machache kwa karibu asilimia 40. Hapakujengwa hospitali kubwa. Ni dispensari za kawaida, na watu waliokubali kwenda.

Na kaswende haimwachi mtoto. Mama mjamzito akiambukizwa, mimba yaweza kutoka, au mtoto azaliwe amekufa au mgonjwa. Kwa hiyo baba anayeficha kidonda anaweza kumzika mtoto wake bila kujua kilichomuua.

Matibabu yapo. Kaswende changa hutibiwa kwa dozi moja ya sindano ya benzathini penisilini. Ikiwa ya muda mrefu, ni sindano tatu, moja kila wiki. Pangusa nayo hupona kwa vidonge au sindano. Ila fuateni haya:

1. Nenda kliniki mara uonapo kidonda. Kioshe kwa maji safi na sabuni, basi. Usifungue kapsuli ukanyunyiza unga wake juu. Usipake maji ya betri. Hayo huunguza ngozi na kuficha dalili.

2. Maliza dawa yote, hata kidonda kikikauka siku ya pili. Usimgawie rafiki nusu.

3. Usilale na mtu mpaka kidonda kipone kabisa, na siku saba zipite baada ya kutibiwa.

4. Mlete mke wako, na kila uliyelala naye miezi mitatu iliyopita. Ukitibiwa peke yako, utaambukizwa upya.

5. Pimwa UKIMWI siku hiyohiyo, na urudi kupimwa tena utakapoambiwa.

Kondomu husaidia sana, ingawa haifuniki kila mahali. Tohara pia. Utafiti uliofanywa Kisumu, ukasimamishwa Desemba 2006 kwa kuwa faida ilikwisha kuonekana, ulionyesha kuwa waliotahiriwa waliambukizwa UKIMWI pungufu ya nusu ya wasiotahiriwa. Lakini aliyetahiriwa bado anaweza kupata kaswende.

Tuseme ukweli juu ya jaboya pia. Mama asiye na mtaji hupewa samaki, na bei yake si pesa peke yake. Mama huyo hana nguvu ya kusema, "Vaa kondomu." Kule bichi ya Nduru, Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya 2010, kina mama walisaidiwa kupata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wavuvi. Vikundi vyetu vinakopesha pesa za matanga na karo. Je, haviwezi kukopesha mtaji wa omena, na nauli ya kwenda hospitali bila kumdai mtu aeleze anaumwa nini?

MASWALI

Mke wangu hana kidonda. Kwa nini atibiwe?

Kwa mwanamke kidonda chaweza kuwa ndani, asikione wala kukisikia. Mlete, na umweleze kwa upole. Asiletwe kwa matusi.

Mimi nahama kufuata samaki. Nikiwa kisiwani Uganda nifanye nini?

Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe huko huko. Omba uandikiwe dawa uliyopewa, uje na karatasi hiyo kwetu. Usingoje msimu uishe.

Si hii ni chira, au adhabu ya Mungu?

Vijidudu hivi tunaviona kwa darubini, na dawa yake inajulikana. Yule Msamaria alipomkuta mtu na majeraha njiani hakumwuliza amekosa nini. Aliyafunga, akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa. Mwenzako akikunong'onezea kwamba ana kidonda, mfanyie hivyo. Mpeleke asubuhi, na ukirudi usimwambie mtu.