Mikono ya Mtaalamu na Mazoezi ya Nyumbani

Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa kamati za diakonia za sharika na wageni wafadhili



Nimeombwa nizungumzie maombi ya fedha yaliyokwama mezani kwangu. Sharika tatu zimeomba vitanda vya kukandia wagonjwa wa mgongo, na usharika mmoja umeomba mikanda ya kufunga kiunoni. Mfadhili yupo tayari kununua vyote. Mimi ndiye niliyesema tusubiri, na ninafahamu kwamba baadhi yenu mmenilaumu. Leo naomba nijieleze.

Maumivu haya nayajua kwa mwili wangu. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya msimu mzima wa kuzungukia miradi ya maji katika barabara mnazozijua, nilifika mahali nikawa siwezi kuinama kufunga kamba za viatu. Wakati huo tulikuwa na mgeni wa kujitolea kutoka Uingereza, mtaalamu wa osteopathia. Aliniuliza maswali karibu nusu saa kabla hajanigusa. Kisha akanikanda misuli ya kiuno, akaniinua mguu na kuuzungusha polepole, akanilaza ubavu na kunigeuza kiuno taratibu. Nilitoka pale nimesimama wima. Akanipa karatasi yenye mazoezi matatu akaniambia kwamba nisipoyafanya, kazi yake ya siku ile itapotea. Karatasi niliiweka kwenye faili, na mnajua mafaili yetu yalivyo. Wiki ya tano nikarudi kwake nikiwa nimepinda vile vile. Safari hiyo hakunikanda kwanza; alinitaka nimwonyeshe mazoezi.

Osteopathia ni nini? Ni tiba ya kutumia mikono kupima na kulegeza misuli, viungo na pingili za uti wa mgongo. Mwanzilishi wake ni daktari wa Marekani, Andrew Taylor Still. Mwaka 1864 alifiwa na watoto watatu kwa ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo, na dawa za wakati ule hazikuwasaidia. Mwaka 1874 akatangaza njia yake mpya, na mwaka 1892 akafungua shule katika mji wa Kirksville, Missouri. Yeye aliamini kwamba magonjwa mengi mno hutokana na mifupa na viungo kukaa vibaya. Katika hilo utafiti haukumuunga mkono, kwa hiyo nawasihi asitoke mtu hapa akaenda kutangaza kwamba kukanda mgongo kunatibu kisukari.

Kwa maumivu ya mgongo, hata hivyo, ushahidi upo. Mwaka 2004 yalichapishwa Uingereza matokeo ya jaribio la wagonjwa 1,334. Baadhi walipata huduma ya kawaida ya daktari, wengine wakaongezewa mazoezi, wengine tiba ya mikono, na wengine tiba ya mikono ikifuatiwa na mazoezi. Baada ya miezi mitatu, waliopata vyote viwili walikuwa na unafuu wa wastani, na baada ya mwaka ulibaki unafuu mdogo. Nasema mdogo kwa makusudi, maana wafadhili wetu wana haki ya kujua kwamba hatununui muujiza. Mwaka 2016 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilishauri kwamba tiba ya mikono itumike tu ikiwa sehemu ya matibabu yenye mazoezi ndani yake. Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi yenye mpangilio, na baadhi ya tiba za mikono. Mwongozo huo huo haupendekezi mikanda ya kiunoni. Ndiyo maana ombi la mikanda nimelirudisha.

Mama mmoja mkulima alinisikiliza nikieleza haya, akacheka. Akasema, "Mwanangu, mimi nashika jembe tangu alfajiri, maji nabeba kichwani, unanipa zoezi gani tena?" Swali lake ni zuri kuliko majibu mengi niliyosoma. Jembe humwinamisha upande mmoja siku nzima, na mzigo wake haupimwi kwa nguvu alizo nazo bali kwa ukubwa wa ndoo. Zoezi huanza kwa kiasi ambacho mwili unakimudu, hupeleka mgongo kule ambako jembe haliupeleki, kisha huongezwa kidogo kidogo. Mama huyu alikuwa ameacha hata kugeuka kitandani kwa hofu ya maumivu. Akaanza kwa kulala chali, magoti yamekunjwa, akiinua nyonga na kuzishusha mara tano. Halafu kupiga magoti na viganja chini, akinyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, kisha kubadilisha. Haya hayahitaji kitanda. Yanahitaji mkeka, na mtu wa kumuuliza Jumatano ijayo kama ameyafanya.

Lakini si kila mgongo ni wa kukandwa. Mgonjwa ambaye miguu inalegea, mwenye ganzi sehemu za siri, anayeshindwa kukojoa au anayetokwa na haja bila kujijua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo aliyeanguka kutoka juu ya mti. Mwenye homa, au anayekonda na kutokwa jasho usiku, aonwe na daktari haraka, maana kifua kikuu hushambulia hata pingili za mgongo, na aliyewahi kuugua saratani naye asikawie. Kumkunja mtu wa namna hii juu ya kitanda tulichonunua sisi kunaweza kumpoozesha. Hofu yangu kubwa ni hiyo: tukiweka kitanda usharikani bila mtaalamu, atajitokeza tu mtu wa kukitumia.

Wataalamu wa osteopathia ni wachache mno kwetu. Tulio nao ni wataalamu wa fiziotherapia, ambao hufundishwa hapa hapa nchini, KCMC Moshi ikiwa mojawapo ya vyuo, nao wanajua kuunganisha mikono na mazoezi. Ninaomba fedha zile zigharamie nauli na posho ya mtaalamu mmoja kuzunguka sharika hizo kila baada ya wiki mbili, mikeka, na mafunzo kwa wajumbe wawili wa kila kamati watakaosimamia mazoezi kati ya ziara na ziara. Kitanda kinunuliwe kimoja, kikae katika zahanati, chini ya mtaalamu.

Fomu mpya zipo kwa katibu. Wenyeviti wa sharika zile tatu, tafadhali jazeni kabla hamjaondoka, na mwandike ni nani anayeshika ufunguo wa ukumbi siku za Jumatano.