Dozi ya Nne

Ninyi wauguzi mnaohitimu leo, mama atakayekuja kliniki na mwanawe mgongoni atawauliza: sindano hii itamkinga mpaka lini? Kwa surua jibu ni jepesi, maana dozi mbili hukinga miaka mingi, aghalabu maisha yote. Kwa malaria jibu ni gumu, nalo ndilo la leo.

Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, vituo vya Korogwe, Bagamoyo na Kilifi vikiwemo. Kwa waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, visa vya malaria vilipungua kwa takriban nusu mwaka wa kwanza. Ukihesabu miaka minne yote, upungufu ulikuwa asilimia 28 tu kwa waliopata dozi tatu, au 36 kwa waliopata dozi ya nne. Wapo wanaouliza: chanjo inayofifia hivi ya nini? Wanasahau kuwa wengi wanaouawa na malaria barani hawajatimiza miaka mitano. Kenya, Ghana na Malawi zilipoanza kuitoa mwaka 2019, vifo vya watoto wenye umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13 palipotolewa chanjo, ingawa si wote waliochanjwa.

Pingamizi zito zaidi limetoka Kilifi kwenyewe. Huko, katika jaribio jingine, watoto waliopata dozi tatu na kuishi penye malaria nyingi waliugua zaidi ya wenzao wasiopata chanjo hiyo mwaka wa tano. Huenda kwa kuwa miili yao ilikuwa imekutana na vimelea mara chache. Hilo si la kufichwa. Hata hivyo, ufuatiliaji wa miaka saba katika sehemu ya lile jaribio kubwa haukuonyesha malaria kali ikirudi kwa kishindo. Kwa hiyo chandarua kibaki, na dozi ya nne isikosekane.

Mtaambiwa pia kwamba ukweli huu utawatisha wazazi. Mimi naogopa kinyume chake: mama aliyehakikishiwa kinga kamili, mtoto akishikwa na homa mwaka wa tatu, ataitilia shaka hata chanjo ya surua. Aliyeelezwa mapema atakimbilia kipimo. Tatizo ni kwamba dozi ya nne huja miezi mingi baada ya ya tatu, wakati safari za kliniki zimeshapungua. Basi siku mnayotoa ya tatu, andikeni tarehe ya nne kwenye kijitabu cha mtoto, na mwambieni mama kwa nini.