Mzazi na shule ya mtaa: namna ya kuipima shule ya msingi ya serikali nchini Marekani

Familia inayozungumza Kiswahili inapohamia Jeffersontown, mji mdogo ulioko mashariki mwa Louisville katika jimbo la Kentucky, huanza na maswali mawili: nyumba ya kupanga itapatikana wapi, na watoto watasoma wapi. Katika sehemu kubwa ya Marekani maswali hayo mawili ni kama swali moja, kwani anwani ya nyumba ndiyo inayoamua shule ya msingi ya serikali atakayoandikishwa mtoto. Ndiyo maana tovuti za nyumba huweka alama ya shule ya jirani kando ya bei. Na ndiyo maana mzazi aliyefika karibuni hushauriwa na jamaa na marafiki aukimbie mtaa huu na kuukimbilia ule, hata kama kodi ya huko itamlazimu kufanya kazi zamu mbili.

Uamuzi huo si mdogo. Shule ikiwa mbovu, mtoto hupoteza miaka isiyorudi. Kodi ikizidi uwezo, mzazi hukosa saa za kukaa na mtoto huyo, nazo ni sehemu ya elimu yake. Je, alama zinazotangazwa zinatosha kumwongoza mzazi? Makala haya yanaliangalia swali hilo kwa mifano ya Louisville, Columbus katika jimbo la Ohio, na Buffalo katika jimbo la New York. Miji hiyo mitatu imewapokea Wakongomani wengi waliopitia kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma, pamoja na Wabantu wa Kisomali ambao safari zao za kutoka kambi za Kenya zilianza mwaka 2003.

Kwanza, alama hizo zinatoka wapi? Sheria ya shirikisho ya mwaka 2001, iliyotiwa saini Januari 2002, iliyalazimisha majimbo yote kuwapima wanafunzi kila mwaka katika kusoma na hisabati, kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Sheria nyingine ya Desemba 2015 ilichukua nafasi yake, ikabakiza mitihani hiyo lakini ikayapa majimbo uhuru zaidi wa kuamua namna ya kuzihukumu shule. Kentucky hutumia rangi tano, ambazo buluu ndiyo ya juu na nyekundu ndiyo ya chini. Ohio iliacha herufi na tangu mwaka 2022 hutoa nyota, moja hadi tano. New York haitoi rangi wala nyota, bali hutangaza shule zinazohitaji msaada maalumu.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Shule ya msingi ya Jeffersontown, kama nyingine nyingi za wilaya hiyo, huwachukua watoto kuanzia darasa la awali, wakiwa na umri wa miaka 5, hadi darasa la tano. Mitihani ya jimbo huanza darasa la tatu. Kwa hiyo alama ya shule nzima hutokana na madarasa matatu ya juu. Kuhusu ufundishaji wa mtoto anayeanza kuzitambua herufi, alama hiyo haisemi chochote waziwazi.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Alama za juu nazo zimeundwa, na swali ni nani aliyeziunda: walimu, au hali ya nyumba wanazotoka watoto? Mwaka 1966 mtaalamu wa elimu ya jamii James Coleman aliiwasilishia serikali ya Marekani ripoti iliyowashangaza wengi. Ilionyesha kwamba tofauti za matokeo ya wanafunzi zilifungamana zaidi na hali ya familia zao kuliko na majengo, vitabu au fedha za shule. Ripoti hiyo imejadiliwa na kukosolewa kwa miaka mingi, lakini jambo moja limebaki: ukijua kipato cha wazazi wa mtaa fulani, unaweza kukisia alama ya shule yake bila hata kuingia darasani.

Basi mzazi atafute kipimo kingine, nacho ni maendeleo ya mtoto yule yule kutoka mwaka hadi mwaka. Chukulia mfano wa shule mbili. Katika ya kwanza, watoto 80 kati ya 100 wamefaulu, lakini wengi wao walikuwa wanajua kusoma kabla ya siku ya kwanza ya shule, na kila mwaka wanasonga mbele kidogo tu. Katika ya pili wamefaulu 40, lakini wengi walifika bila neno moja la Kiingereza, na kila mwaka wanapiga hatua kubwa. Tovuti itaisifu ya kwanza. Mzazi ambaye mtoto wake anaanza na sifuri ana sababu nzuri ya kuitaka ya pili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka 2017 ulitoa ushahidi wa jambo hilo: katika shule za serikali za Chicago, zilizozoea kudharauliwa kwa alama zao, watoto walikuwa wanapata maendeleo ya takriban miaka 6 katika muda wa miaka 5, kati ya darasa la tatu na la nane.

Hata hivyo, neno maendeleo halina maana moja katika kila jimbo. Kadi ya shule ya Ohio ina sehemu inayolinganisha matokeo ya wanafunzi na matokeo yao wenyewe ya nyuma, na mzazi wa Columbus afadhali aanze kusoma hapo kabla ya kuzihesabu nyota za jumla. Kentucky nayo, tangu mwaka 2023, huchanganya matokeo ya mwaka na mabadiliko kutoka mwaka uliotangulia. Lakini mabadiliko hayo ni ya shule, si ya mtoto: darasa la tatu la mwaka huu linalinganishwa na darasa la tatu la mwaka jana, yaani watoto wengine kabisa. Ikiwa familia nyingi mpya zimehamia Jeffersontown katika mwaka huo, rangi inaweza kushuka ilhali walimu ni wale wale na bidii yao ni ile ile.

Buffalo inafundisha hadhari nyingine. Katika jimbo la New York wazazi wengi huwazuia watoto wao kufanya mitihani hiyo. Mwaka 2015 takriban mtoto mmoja kati ya watano hakuifanya. Panapokuwa na pengo la namna hiyo, asilimia ya waliofaulu haitoshi, na ni lazima kuuliza ni wangapi waliokaa mtihanini.

Kwa familia inayozungumza Kiswahili kipo kipimo kingine kinachoweza kuwa na uzito kuliko vyote. Watafiti wa lugha hukadiria kwamba mtoto huweza kuzungumza na wenzake uwanjani katika muda mfupi, lakini huhitaji miaka 4 hadi 7 kukimudu Kiingereza cha vitabu na mitihani. Mzazi anayemsikia mwanawe akitania kwa Kiingereza anaweza kudhani kazi imekwisha, kumbe imeanza tu. Sheria inadai kwamba kila mtoto anayejifunza Kiingereza apimwe kila mwaka katika kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na matokeo ya kundi hilo hutangazwa katika kadi ya shule. Hapo ndipo mzazi aangalie: watoto walio katika hali ya mwanawe wanasonga mbele, au wanakwama ngazi moja kwa miaka mitatu?

Pamoja na hayo, zipo habari zisizopatikana katika kadi yoyote ila kwa kuitembelea shule. Mzazi aombe kukaa darasani kwa nusu saa. Aangalie kama mtoto asiyejua Kiingereza anashirikishwa, au amewekwa pembeni na karatasi ya kuchorea. Amwulize mwalimu mkuu amekaa hapo miaka mingapi, walimu wangapi waliondoka mwaka uliopita, na mwalimu wa lugha anagawanywa kwa watoto wangapi. Aulize pia juu ya utoro wa kudumu, yaani kukosa asilimia 10 ya siku za masomo, ambazo ni siku 17 katika mwaka wa siku 170. Katika shule zinazopokea fedha za shirikisho kwa ajili ya watoto wa familia maskini, mzazi ana haki ya kuuliza sifa za mwalimu wa mwanawe, na shule inapaswa kumjulisha iwapo mtoto amefundishwa kwa wiki nne mfululizo au zaidi na mtu asiyetimiza masharti ya leseni.

Katika Louisville swali la basi nalo ni swali la ubora. Tangu amri ya mahakama ya mwaka 1975 ya kukomesha ubaguzi wa rangi shuleni, wilaya ya Jefferson imekuwa na desturi ya kuwasafirisha watoto mbali na mitaa yao, na hata baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuupinga mpango wake mwaka 2007, familia zimeendelea kuwa na nafasi ya kuomba shule isiyo ya jirani. Jeffersontown ina meya na baraza lake, lakini shule zake ziko chini ya wilaya hiyo kubwa. Agosti 9, 2023, siku ya kufungua shule, mpango mpya wa mabasi ulivurugika kiasi kwamba baadhi ya watoto walifika nyumbani karibu saa 4 usiku, na shule zikafungwa kwa siku kadhaa. Katika mwaka wa masomo uliofuata wilaya ilisitisha mabasi kwa wanafunzi wengi wa shule za michepuo maalumu. Shule nzuri isiyofikika haimsaidii mtoto ambaye baba yake anaingia kazini ghalani alfajiri.

Kuna wazazi wanaoona haya kuuliza. Wamelelewa katika heshima ya kumwachia mwalimu kazi yake, na Kiingereza chao bado ni cha kubabaisha. Ni vema wajue kwamba Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1974 katika kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco, na sheria ya fursa sawa za elimu ya mwaka huo huo vinaitaka shule imsaidie mtoto asiyejua Kiingereza. Mzazi naye ana haki ya kupewa habari muhimu kwa lugha anayoielewa, bila kumtumia mtoto kuwa mkalimani. Machi 2025 Rais Donald Trump alitoa amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani, lakini amri ya rais haifuti sheria iliyopitishwa na Bunge. Namna shule inavyolipokea ombi la mkalimani wa Kiswahili ni kipimo chake cha wazi: ipo inayompata, na ipo inayomwambia mzazi aje na mtu wake.

Mashaka juu ya kuzipanga shule kwa alama si ya Wamarekani peke yao. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule bora. Tangu mwaka 2009 mradi wa Uwezo, uliochukua mfano wa India, umewapima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda majumbani mwao kwa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na umewakuta wengi wa madarasa ya juu wasioweza kuisoma. Fundisho lake linafaa hata Jeffersontown: mtoto anaweza kupimwa mezani kwao. Mzazi amwombe asome ukurasa mmoja wa kitabu alichopewa shuleni, kisha ausimulie kwa Kiswahili. Si lazima mzazi ajue Kiingereza ili atambue kama mtoto ameelewa au anatamka tu. Akifanya hivyo Oktoba, na tena Machi kwa kitabu kigumu zaidi, atakuwa na ushahidi ambao hakuna tovuti inayoweza kumpa.

Na iwapo ushahidi huo utaonyesha kwamba mtoto amekwama, si lazima hatua ya kwanza iwe kuhama. Sheria ya elimu ya Kentucky ya mwaka 1990 iliunda mabaraza ya shule yenye mwalimu mkuu, walimu watatu na wazazi wawili wanaochaguliwa na wazazi wenzao. Mamlaka yake yalipunguzwa mwaka 2022, lakini viti vya wazazi vipo na mikutano iko wazi. Katika shule yenye watoto wengi wanaozungumza Kiswahili, mzazi mmoja wao akikaa katika baraza hilo, swali la mkalimani na la mwalimu wa lugha litakuwa na mtu wa kuliuliza kila mwezi.