Land Rover ya Mwaka Gani?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja siku ya makutano ya wanafunzi wa zamani, Mshangano, Songea)



Kwanza kabisa, karibuni Mshangano. Nashukuru kwamba mmekubali kukaa chini ya mwembe wangu badala ya kukodi ukumbi, maana fedha iliyookolewa imeingia katika mfuko ule ule ninaotaka kuusemea. Kamati imenipa dakika 20. Mwalimu mstaafu akipewa dakika 20 huzitumia zote, kwa hiyo jiwekeni sawa.

Jambo lenyewe mnalijua. Tuliazimia kuchanga fedha tuinunulie karakana ya shule Land Rover ya zamani, ya aina ile iliyotubeba sisi, ili vijana wajifunze ufundi kwa kuifungua na kuifunga, na shule ipate gari la kubebea kuni na mahindi. Fedha imepatikana. Sasa tumegawanyika juu ya mwaka. Wapo wanaotaka ya 1958, kwa kuwa ndiyo ya kwanza yenye umbo tunalolijua. Wapo wanaotaka ya miaka tuliyokuwa bwenini. Wapo wasemao inunuliwe iliyo mpya kuliko zote. Nimeombwa niseme kwa sababu lile gari pale kando ya ghala ni langu, na wengi wenu mnajua limenigharimu nini. Wasiojua nitawaambia.

Mwaka 1974 nilikuwa kidato cha pili. Usiku mmoja wa masika mwenzetu wa bwenini alishikwa na tumbo mpaka akawa hawezi kusimama, ikaamuliwa apelekwe hospitali ya misheni, Peramiho. Ni zaidi ya kilomita 20 tu, lakini wakubwa wenzangu mnakumbuka barabara zetu zilivyokuwa. Hata lami ya Makambako hadi Songea haikuwapo mpaka katikati ya miaka ya 1980. Ilipatikana Land Rover 109 ya ofisi moja. Tulipanda wanafunzi wanne, tukiambiwa kazi yetu ni kusukuma. Tulisukuma mara moja tu. Mahali pengine pote dereva alishika ule mkono mdogo wenye kitasa chekundu, akaingiza gia nzito, na gari likatambaa ndani ya tope kama kobe asiye na haraka wala hofu. Mwenzetu alipasuliwa usiku ule akapona. Leo amekaa mstari wa pili, na ameshiba.

Toka siku ile nikasema moyoni kwamba nikipata fedha nitanunua gari kama lile. Nilizipata mwaka 1994. Zilikuwa fedha za bati. Nyumba hii mnayoiona ilikuwa imefika kwenye linta, na mama watoto alikwisha kuhesabu bati zake moja moja. Nikaonyeshwa magari mawili. La kwanza lilikuwa Series III ya 1972, bei nafuu, chesisi nzima. La pili kadi yake iliandikwa 1958. Mimi nimezaliwa 1958. Basi nikaona Mungu mwenyewe amenichagulia. Nililipa zaidi kwa ajili ya mwaka ule, nikalileta nyumbani nikipiga honi toka njia panda.

Baada ya miezi mitatu fundi aliliinua, akagonga chesisi kwa nyundo. Badala ya mlio wa chuma tukasikia mlio wa debe lenye mchanga. Kiraka kilikuwa juu ya kiraka, na juu ya viraka imepakwa lami. Kisha akapangusa namba ya chesisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaniuliza, "Mwalimu, nani kakuambia hili ni la 1958?" Namba ilianza na 252. Gari la namba hiyo halikuweza kutoka kiwandani kabla ya 1961. Nilikuwa nimelipia mwaka ulioandikwa kwenye karatasi. Bati zilingoja mpaka 1997, na masika matatu tulilala katika vyumba viwili vya makuti. Mama watoto hakunisema sana. Kila mvua iliponyesha aliuliza tu kama gari halijalowa.

Ndiyo maana ninataka leo tujue mwaka ni nini, kabla ya kutoa fedha ya watu.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Ilibuniwa na Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, wakati chuma kilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Magari ya kwanza, yaani Series I, yaliendelea mpaka 1958. Hayo ni ya makumbusho, tuyaache.

Aprili 1958 ikaja Series II, yenye mbavu zilizovimba kidogo, umbo ambalo kila mtoto wa Ruvuma analitambua. Ikaja na injini ya petroli ya lita 2.25, ambayo ndiyo mama wa injini zote tulizozizoea. Lakini sikilizeni vizuri, enyi mnaotaka 1958. Zile fupi za inchi 88 za mwanzo mwanzo zilifungwa injini ya zamani ya lita 2, kwa sababu kiwanda kilitaka kuimaliza akiba yake. Kwa hiyo mtu akitafuta sana mwaka ule wa heshima anaweza kuangukia gari ambalo spea za injini yake ni kazi kuzipata hata huko lilikozaliwa.

Mwishoni mwa 1961 ikafuata Series IIA, iliyotengenezwa mpaka 1971. Hii ndiyo iliyojaa katika maofisi, misheni na mashamba ya nchi hii tulipokuwa wadogo. Mwanzoni taa zake kubwa zilikaa katikati, karibu na pua. Kuanzia 1968 na 1969 zikahamishiwa kwenye mabawa. Jambo jingine lisiloonekana kwa nje ni umeme. Mpaka 1967 upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, na baadaye ukawa upande wa hasi. Kijana asiyejua hilo akifunga betri au redio kwa mazoea ya magari ya leo ataunguza vitu.

Oktoba 1971 ikatoka Series III, mpaka 1985. Pua yake ni ya plastiki, na saa zimehamia mbele ya dereva badala ya katikati. Jambo kubwa zaidi ni giaboksi. Katika IIA gia ya kwanza na ya pili hazina cha kuzilainisha, hivyo dereva akishusha gia sharti akanyage klachi mara mbili na kuipa injini mafuta kidogo katikati. Asipofanya hivyo, meno yatalia mtaa mzima usikie. Katika Series III gia zote nne za mbele huingia laini. Tena zile ndefu, yaani 109, zilipewa difu ya nyuma iliyo imara zaidi, na wale waliowahi kukatikiwa na ekseli njiani wakiwa na mzigo wanajua thamani ya neno hilo. Na mwaka 1980 fito ya injini ikashikwa na beringi kubwa tano badala ya tatu.

Hiyo ndiyo miaka. Sasa mtaitambuaje, ikiwa kadi inaweza kudanganya? Si lazima iwe imeghushiwa. Gari la miaka 50 limebadilishwa injini, milango, boneti, hata pua. Mtu ana kipande cha gari moja na karatasi ya gari jingine, anaviunganisha, na anayekuja baada yake anaamini. Kwa hiyo nendeni kwenye chesisi. Namba imepigwa kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele, upande wa kulia. Huwa imefunikwa na tope na rangi, na ndiyo sababu wengi hawaisomi. Ikianza na 1, kama 141 au 151, ni Series II, na tarakimu ya nne inataja mwaka: 8 ni 1958, 9 ni 1959, 0 ni 1960, 1 ni 1961. Ikianza na 2, kama 241 au 252, ni IIA ya silinda nne. Hiyo haina tarakimu ya mwaka, ila ina herufi mwishoni, na kadiri herufi inavyokwenda mbele toka A ndivyo gari lilivyo la baadaye. Ikianza na 9, kama 901 au 911, ni Series III. Zile za miaka ya 1980 zina namba ndefu yenye herufi nyingi. Vijana, yaandikeni hayo. Mimi ningelijua mstari huu mmoja mwaka 1994, mama yenu asingelala chini ya makuti.

Mkishajua mwaka, usahauni kidogo, mwangalie kutu. Watu husema Land Rover haili kutu. Bodi yake ni aluminiamu, kweli, hata sumaku haishiki. Lakini chesisi ni chuma, na lile bamba kubwa linalotenga injini na miguu ya dereva ni chuma. Bodi inaweza kung'aa kama sahani ya sikukuu huku chini pameoza. Gari lililoishi Lindi, Mtwara au Dar es Salaam limevuta chumvi ya bahari. Lililoishi huku juu kwetu, Mbinga au Namtumbo, mara nyingi lina vumbi jekundu tu. Kati ya Series III ya 1984 iliyozeekea pwani na IIA ya 1969 iliyokaa kwenye ghala la kahawa, mimi nitachukua ya 1969 bila kuuliza mara mbili.

Halafu tazameni kazi. Hili letu litafundishia na litabeba. Kwa kubeba, tunahitaji 109, kwa sababu 88 ukipakia magunia wanafunzi hawana pa kukaa. Kwa kufundishia, tunahitaji injini ya petroli ya 2.25, kwa kuwa mafundi wa hapa mjini wanaijua na spea zake bado zinapatikana. Lakini msidanganyike kuhusu mafuta. Gari hili huenda kilomita 5 au 6 kwa lita. Kwenda Mbinga na kurudi, kiasi cha kilomita 200, ni lita 33 mpaka 40. Kwa hiyo mfuko usiishe siku ya kununua. Napendekeza robo nzima ibaki kwa matairi, breki, springi na mafuta. Zawadi isiyo na fedha ya matairi ni mzigo tunaomtwika Mkuu wa Shule huku tukipiga makofi.

Basi shauri langu ni hili. Tutafute 109 ya petroli, Series III, na ikiwezekana iliyotengenezwa kuanzia 1980. Ikipatikana IIA ya miaka ya mwisho yenye chesisi safi zaidi, tuchukue hiyo bila aibu, vijana wajifunze kukanyaga klachi mara mbili kama sisi. Ya 1958 tuwaachie wenye fedha za kuchezea.

Najua wapo watakaosikitika. Ndugu yangu mmoja ameniambia jana, "Wewe mwenyewe hujaliuza lako." Ni kweli, sijaliuza. Nilibadilisha chesisi mwaka 2003, na bado linanipeleka shambani. Lakini lile nalilipia mwenyewe, na makosa yake ni yangu na mama watoto. Hizi ni fedha za watu. Humu mna mchango wa mwenzetu anayeuza mkaa, na mchango wa mjane wa rafiki yetu, aliyeleta fungu la mumewe bila kuombwa. Sina ruhusa ya kununua kumbukumbu zangu kwa fedha hiyo. Nikiri pia kwamba Land Rover ile ya 1974 sijui mpaka leo ilikuwa ya mwaka gani. Hatukuuliza. Tulichotaka ni ifike Peramiho.

Ndugu Mwenyekiti, Jumamosi ijayo kamati itakwenda kutazama magari mawili, moja hapa mjini na moja upande wa Mbinga. Naomba waende na mafuta ya taa, kitambaa, nyundo ndogo na tochi. Naomba pia waende na vijana wawili wa kidato cha tatu, mmoja wa kugonga na mmoja wa kusoma namba kwa sauti. Sisi wazee tusimame pembeni na mikono mifukoni, kwa maana tukiona taa zile mbili karibu na pua tunaweza kusahau yote niliyoyasema.

Dakika zangu zimekwisha. Chakula kiko tayari, na atakayetaka kutazama namba ya lile langu, kitambaa kiko juu ya boneti.