Mti Usiozaa na Uwakili Wetu

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana wetu alisimulia habari za mtini uliopandwa katika shamba la mizabibu. Mwenye shamba aliujia miaka mitatu akitafuta tunda, asilione. Akaamuru ukatwe. Ndipo mtunza shamba akauombea mwaka mmoja tena, apate kuupalilia na kuutilia samadi.

Mara nyingi tusomapo habari hii twajiona sisi ndio mti, nasi twaogopa shoka. Ni haki kuogopa. Lakini leo twataka kumtazama yule mtunzaji, kwa kuwa kazi yake ndiyo uwakili. Mti si mali yake, wala shamba si lake. Hata hivyo hakuleta maneno ya huruma peke yake. Aliahidi jembe na samadi.

Wakulima wa Kilimanjaro wayajua haya vema. Mbuni hauzai mwaka upandwapo; hukawia miaka mitatu au zaidi. Tena huzaa katika sehemu changa za matawi, kwa hiyo mkulima huupogoa, ijapokuwa mgeni apitaye njiani hudhani anauharibu. Na maji ya kunyweshea yalishuka kwa mifereji iliyochimbwa na mababu. Mifereji hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Watu waliisafisha pamoja, wakapeana zamu.

Basi yawezekana mtu akatoa sadaka kila Jumapili, na usiku akayageuzia shambani kwake maji ya zamu ya mjane. Sadaka ile sisi twaihesabu kuwa majani tu, hata ikiwa nono. Mjane yule hana kijana wa kukesha mferejini. Migomba yake ikinyauka, ni wanawe watakaolala na njaa.

Tunda ni nini, basi? Ni maji yaliyomfikia mjane kwa saa yake. Ni yatima kukabidhiwa shamba la marehemu baba yake, mpaka usiposogezwa hata hatua moja. Ni fedha za kanisa kuhesabiwa mbele ya watu wote, na mweka hazina asikasirike akiulizwa.

Luka hatuambii kama mtini ule ulizaa mwaka uliofuata. Habari yakoma mtunzaji akiwa bado anaomba, na jembe lake halijagusa udongo.