Umbali Nao Uhesabiwe: Ardhi na Watu wa Wilaya ya Liwale

*Mada iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa kata. Inachapishwa hapa kwa faida ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.*

 

Katika mikutano ya aina hii huulizwa swali moja mara kwa mara: kwa nini huduma inafika kwa jirani na kwetu haifiki? Ni swali la haki, na mwananchi anayeliuliza hastahili kubezwa. Leo naomba tulitazame kwa kuanzia na ardhi tunayoikalia na idadi ya watu tulio juu yake.

Wilaya yetu ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 34,000, ambalo ni zaidi ya nusu ya Mkoa mzima wa Lindi. Kwa ukubwa wa ardhi tunazizidi nchi za Rwanda na Burundi, kila moja kwa nafasi yake. Kaskazini tunapakana na Mkoa wa Pwani, mashariki na Kilwa, kusini mashariki na Ruangwa na Nachingwea, kusini magharibi na Mkoa wa Ruvuma, na magharibi na Mkoa wa Morogoro. Mto Matandu huanzia kwetu na kumwaga maji yake baharini upande wa Kilwa. Maji ya magharibi, kwa njia ya mto Mbarang'andu, hatimaye huishia katika mto Rufiji.

Sasa tuwatazame watu. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu 91,380. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu 136,505. Ukiwagawanya watu hao kwa eneo lote, unapata takriban watu wanne kwa kila kilomita moja ya mraba. Wastani wa taifa unakaribia watu 70, na Dar es Salaam ina zaidi ya watu 3,800 katika eneo kama hilo. Rwanda, ambayo nimesema tunaizidi kwa ardhi, ilihesabu zaidi ya watu milioni 13 mwaka huohuo wa 2022.

Wastani huo wa watu wanne lakini usomwe kwa tahadhari. Sehemu kubwa ya wilaya imo ndani ya hifadhi ya wanyamapori, na humo hakuna kijiji. Sisi sote tumekusanyika katika sehemu iliyobaki, na hata humo hatukuenea sawasawa. Wengi tuko mjini Liwale na kandokando ya barabara, na wengine wametawanyika katika vitongoji ambavyo kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa saa kadhaa kwa miguu.

Wageni husema kwamba Liwale haina watu kwa sababu ni porini. Wazee waliopo hapa wanajua kwamba maneno hayo si sahihi, kwani pori lenyewe lina historia. Mwezi Agosti 1905, katika Vita vya Majimaji, wapiganaji waliiteka na kuiteketeza boma ya Wajerumani ya hapa Liwale. Majeshi ya Wajerumani yalipojibu, yalichoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Katika miaka ya 1940, serikali ya Waingereza iliwahamisha wakazi wa upande wa magharibi kwa sababu iliyotajwa kuwa ni ugonjwa wa malale, na ardhi yao ikaongezwa katika Pori la Akiba la Selous. Pori hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982, na mwaka 2019 sehemu yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Katika miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, iliyowatoa watu katika makazi ya zamani na kuwapanga karibu na barabara. Kwa hiyo, ukiiona miembe mikubwa katikati ya msitu, ujue umefika kwenye mahame. Hapo waliishi watu.

Ndugu wananchi, nimeyaeleza hayo kwa sababu yanagusa zahanati, shule na kisima.

Tuchukue mfano wa zahanati moja. Tuseme inawahudumia watu wote walio ndani ya kilomita tano kila upande. Eneo hilo ni karibu kilomita za mraba 78. Kwa wastani wa Dar es Salaam lingekuwa na watu wapatao 300,000. Kwa wastani wetu lina watu wapatao 300. Muuguzi ni mmoja vilevile, jokofu la chanjo ni moja vilevile, na paa la bati lina gharama ileile, pengine kubwa zaidi, kwa kuwa saruji imesafirishwa zaidi ya kilomita 200 kutoka Nangurukuru. Ukiangalia idadi ya watu peke yake, utasema watu 300 ni wachache mno. Lakini mama mwenye uchungu wa uzazi usiku wa Machi, mto umejaa na bodaboda haivuki, hapungukiwi na uchungu kwa sababu majirani zake ni wachache. Kwake yeye, umbali ndio hatari.

Ndiyo maana nasema kwamba katika wilaya kama yetu watu wahesabiwe, na umbali nao uhesabiwe. Kitongoji cha kaya 40 kilicho kilomita 18 kutoka shuleni kina hoja nzito kuliko kitongoji cha kaya 100 kilicho kilomita mbili. Shule shikizi, kliniki ya mkoba na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni utaratibu uliowekwa kwa ajili ya mahali kama hapo.

Hata hivyo, hoja haiwezi kusimama bila ushahidi, na hapa ndipo sisi wenyewe tuna wajibu. Katika miaka kumi tumeongezeka kwa karibu nusu, wakati taifa limeongezeka kwa takriban asilimia 37. Watu wanafungua mashamba ya korosho na ufuta, na baadhi wanarudi katika mahame ya babu zao. Wengine huhamia shambani na familia nzima msimu wa kulinda mazao dhidi ya nguruwe na tembo, na dungu la miezi mitatu hugeuka nyumba ya miaka mitatu. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Mtoto anayelelewa kwenye dungu lisiloandikwa popote hayumo katika hesabu ya chanjo, wala ya madawati, wala ya maji.

Naomba, basi, tukubaliane mambo matatu. Kwanza, kila kaya iandikwe katika rejesta ya wakazi ya kijiji, na anayehama amwarifu mwenyekiti wa kitongoji anakotoka na anakokwenda. Pili, kila mtoto apate cheti cha kuzaliwa. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano cheti hutolewa bila malipo katika ofisi ya kata na katika vituo vya kutolea huduma za afya. Tatu, kabla ya kufungua makazi mapya, jambo hilo lifikishwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hukutana kila baada ya miezi mitatu, ili lilingane na mpango wa matumizi ya ardhi na makazi yasiangukie katika njia ya tembo.

Na mnapoandika maombi ya huduma, msiishie kutaja idadi ya kaya. Andikeni pia kilomita hadi huduma iliyo karibu, mito inayokatiza njia, na miezi ambayo njia hiyo haipitiki. Mtendaji anayepokea barua yenye maelezo hayo anakuwa na jambo la kulitetea mezani.

Tulio wachache katika ardhi kubwa tuna sababu zaidi ya kujulikana kila mmoja alipo.  Sasa namkaribisha Mwenyekiti aongoze maswali, na ningependa tuanze na wenzetu waliotoka mbali zaidi, maana safari yao ya kurudi ni ndefu.