Kofia ya Plagi: Hotuba kwa Wenye Pikipiki za Zamani



Leo twataka kusema nanyi habari ya kitu kidogo, nacho ni ile kofia nyeusi inayovikwa juu ya plagi ya pikipiki. Huenda mtu akauliza, Je, kitu kama hiki chastahili hotuba? Twajibu, Ndiyo. Kwani pikipiki ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali usiku, na mahindi sokoni asubuhi. Ikizimika njiani katika mvua, mgonjwa hana msaada mwingine. Tena wako watu wengi waliouziwa koili mpya na kabureta mpya, na ugonjwa ukabaki pale pale, kumbe ulikuwa ndani ya kofia.

Kwanza tujue kazi yake. Betri ya pikipiki nyingi ina volti 12, na katika nyingine za zamani volti 6 tu. Koili huzikuza hata zikapita 10,000, ndipo umeme uweze kuruka katika ncha ya plagi na kuwasha mvuke wa petroli. Umeme huo hupita ndani ya kofia, na humo mna kijiti kiitwacho rezista, ambacho kazi yake ni kuupunguza ukali wake.

Kwa nini upunguzwe? Katika miaka ya 1886 hata 1888 mtaalamu wa Ujerumani, Heinrich Hertz, alionyesha ya kuwa cheche hutoa mawimbi yasafiriyo hewani pasipo waya. Meli iitwayo Titanic, ilipokuwa ikizama mwaka 1912, iliita msaada kwa mtambo wa cheche. Basi kila plagi ni mtambo mdogo wa namna hiyo, ila hauna habari ya kutoa, una makelele tu, nayo huharibu redio za jirani. Uingereza ilitoa kanuni za kuyazuia mwaka 1952, na rezista ni dawa mojawapo ya makelele hayo.

Sasa tutazame dalili za ugonjwa. Pikipiki huwaka vizuri ikiwa baridi, kisha hukohoa ikipata moto. Au hukataa kuwaka asubuhi yenye umande. Au hupoteza nguvu mlimani. Dalili hizi zaweza kutoka mahali pengine pia, kwa hiyo yafaa kupima kwanza, ndipo kununua.

Zima injini, uiache ipoe. Shika waya kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili zungusha kofia kinyume cha saa, nayo itafunguka, kwani katika pikipiki nyingi za zamani imefungwa kwa skrubu iliyo ndani yake. Kisha chukua mita ya umeme, uiweke mahali pa kupima omu, uguse ncha mbili za kofia. Kofia nyingi ni za omu 5,000. Ziko na za 1,000 na za 10,000, na mara nyingi hesabu imeandikwa ubavuni. Mita ikionyesha karibu na hesabu hiyo, kofia ni nzima. Ikionyesha maradufu, au isionyeshe kitu, au ikirukaruka unapoitikisa kofia, basi mwizi amepatikana.

Usiitupe upesi. Chungulia upande unaoingia plagi; katika kofia nyingi za kale utaona kichwa cha shaba chenye mfuo wa bisibisi. Kifungue taratibu juu ya kitambaa cheupe, na vitu vya ndani vitatoka: springi na rezista. Angalia sana vilivyofuatana, ili uvirudishe vivyo hivyo. Mara nyingi utakuta kutu ya kijani. Isugue kwa msasa laini, uifute, kisha upime rezista peke yake. Ikiwa nzima, irudishe, ukaze skrubu, upime tena. Ikiwa imekufa, tafuta nyingine ya kipimo kile kile katika kofia kuukuu.

Wako mafundi watiao kijiti cha shaba mahali pa rezista. Katika pikipiki ya platini injini itawaka, lakini makelele ya redio yatarudi, ila ukitumia plagi yenye rezista ndani yake. Kwa mfano, plagi ya NGK iitwayo DR8EA inayo, na D8EA haina. Katika pikipiki yenye kile kisanduku ambacho mafundi hukiita CDI, usithubutu kufanya hivi, maana makelele yale yale yaweza kukivuruga kisanduku chenyewe.

Kabla ya kuirudisha kofia, kata ncha ya waya kiasi cha milimita 5, hata uone nyuzi za shaba zinazong'aa, kisha zungusha kofia kwa upande wa saa mpaka ishike imara. Mipira ya pande zote mbili isikose, kwani ndiyo inayozuia maji. Na kofia yenye ufa haina dawa; usiku utaona cheche za buluu zikikimbia juu yake. Hiyo inunuliwe mpya.

Wenye injini ya mitungi mingi wasikie na hili. Honda CB750, iliyotoka Japani mwaka 1969, ina mitungi minne na koili mbili, kila koili ikilisha plagi mbili kwa njia moja. Kofia moja ikiharibika, plagi mbili huumwa, na fundi asiyejua huilaumu koili.

Neno la hatari: usishike waya kwa mkono injini ikizunguka, wala usijaribu cheche karibu na petroli, wala usiiwashe injini huku kofia imening'inia, maana umeme uliokosa njia huweza kuitoboa koili.

Waalimu, twawaomba muwaonyeshe vijana kazi hii kwa mita moja na kofia moja kuukuu. Somo halipiti saa moja. Nanyi wenye pikipiki, pimeni kabla ya masika. Wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa kofia huonekana usiku ule ule ambapo mgonjwa yuko mgongoni mwako.